Bomba Juu ya Paa

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nilikuwa nikingoja kuajiriwa, kungoja ambako wengi wetu tumekufanya kwa miaka. Asubuhi nilichuma majani chai na mama katika shamba letu la Kiogoro. Tukishayapeleka kituoni na kula, mama alijilaza kidogo, nami nikakaa kwenye kochi la sebuleni, simu mkononi na waya za kusikilizia masikioni, nikapigana vita katika kisiwa ambacho hakipo.

Tulikuwa timu ya watu wanne ambao hawakuwahi kuonana. Mmoja alikuwa fundi wa simu huko Nakuru. Mwingine alikuwa mwenye duka wa Tanga, aliyesema Kiswahili kizuri hata mimi, mwalimu wa Kiswahili kwa cheti, nikaona haya kufungua mdomo. Wa tatu alikuwa wa Marani, karibu saa moja tu kutoka kwetu, na huyo hatukuwahi kumsikia sauti. Alisema maikrofoni ya simu yake imekufa. Alituandikia tu, upesi upesi, kwa maneno ya vijana wa mjini. Salamu yake ilikuwa “Niaje.” Kisha, “Msee, rudi nyuma ya ukuta.” “Wacha kupanic.” Nilijua ni mtu wa kwetu kwa sababu siku moja maikrofoni yangu ilibaki wazi nikiongea na mama kwa Ekegusii, lugha yetu ya Kisii, na mara moja akaniandikia, “Mbuya mono,” yaani mambo ni mazuri sana. Nikamfanya kichwani mwangu kuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mwenye pikipiki na kofia iliyogeuzwa nyuma.

Nieleze jambo moja hapa, maana litahitajika. Kwa Ekegusii, mama mzazi huitwa baba, na baba mzazi huitwa tata. Tata alifariki nikiwa darasa la sita. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na huyo ninayemwita baba. Hapa nitaandika mama, nisimchanganye msomaji.

Shida ilianza mwezi wa tatu. Tunakuwa katikati ya mapambano, wenzangu wananitegemea nilinde mlango, halafu kila kitu kinaganda. Askari wangu anasimama mguu mmoja hewani. Kisha maandishi yanatokea katikati ya skrini: muunganisho na seva umepotea, jaribu tena. Ninapojaribu na kurudi, nakuta nimeshauawa, na mara nyingine wenzangu wote wameshauawa pamoja nami.

Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya kumi yule wa Nakuru alisema, kwa upole wa mtu anayeficha hasira, kwamba labda tutafute mtu mwingine mpaka mtandao wangu utulie. Mchujo wa mashindano tuliyojiandikisha ulikuwa umekaribia. Kisha wa Marani akaandika: “Hapana. Tutatafuta shida iko wapi.”

Akaanza kuniuliza maswali. Ilianza lini? Ni kila siku, au siku nyingine hapana? Ikikatika, inakatika kwa muda gani? Kuna kitu kinachoituliza? Kabla haijaanza, kuna kitu chochote kilichobadilika hapo nyumbani? Nilimjibu nikicheka kwamba ananihoji kana kwamba ruta yetu ina malaria. Hakucheka. Aliandika: “Chukua daftari. Kila ikikatika, andika saa.”

Pia alinipa sharti. Nisibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Nibadilishe kimoja, nicheze siku mbili, niandike. “Ukibadilisha vitatu siku moja na ipone, hutajua ni dawa gani iliyoponya.”

Basi nikafanya hivyo. Nilizima ruta, nikahesabu hadi sitini, nikaiwasha. Ikakatika. Niliiondoa karibu na televisheni nikaiweka juu ya kabati. Ikakatika. Niliifuta gemu kwenye simu na kuipakua upya, ikachukua alasiri nzima. Ikakatika. Nikaomba simu ya mama nikaingilia hapo. Ikakatika vilevile, na hapo tukajua simu yangu haina kosa. Nikajaribu data ya simu badala ya intaneti ya nyumbani. Mchezo ulikuwa mzito, kila risasi ilifika imechelewa, lakini haukukatika hata mara moja. Wa Marani akafurahi. “Sasa tumejua ugonjwa uko wapi,” akaandika. Kisha akanielekeza niiweke simu yangu ili intaneti ya nyumbani ikifa, ihamie kwenye data yenyewe bila kuniuliza. “Iache hivyo siku zote. Utacheza vibaya, lakini hutatupwa nje kabisa.”

Wiki ya tatu nililifungua daftari, nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu wakati wote. Asubuhi za Jumapili, ambazo hatuchumi chai nami hucheza, hakukuwa na alama hata moja. Alama zote zilikuwa kati ya saa nane na saa kumi alasiri, na siku ambazo mvua haikunyesha hazikuwa na alama. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Ndiyo sababu sikuwahi kufikiria kuihesabu kuwa kitu.

Siku iliyofuata, mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa Nyamira, nilitoka nje na simu mkononi. Intaneti yetu ilikuja hewani, kutoka mnara ulio kilimani hadi kisahani kidogo kilichopigiliwa kwenye ukingo wa paa. Mvua ilikuwa haijaanza, ila upepo wake ulikuwa umefika. Kati ya kisahani chetu na kile kilima kulikuwa na mikaratusi ya jirani, ambayo ilipandwa nikiwa chuoni na sasa ilikuwa imelipita paa letu. Iliposimama wima, kisahani kiliuona mnara katika mwanya kati ya miti, na nambari za mtandao kwenye simu zilikuwa nzuri. Upepo ulipoilaza juu ya mwanya huo, zilianguka. Ikainuka, zikapanda. Nilisimama hapo uani nimeduwaa. Wiki tatu za kuzima na kuwasha, na adui wetu alikuwa miti.

Nilipiga simu kwa kampuni ya intaneti. Waliniambia fundi angekuja. Hakuja. Nikapiga tena, nikaambiwa maneno yaleyale. Ndipo nikamwendea mjomba, ndugu mdogo wa mama, ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma pale Nyakoe. Alikuja na bomba la chuma la maji, refu kama ngazi mbili, akalifunga kwenye ukuta wa nyumba, akakihamisha kisahani hadi juu kabisa. Kikawa kinaiangalia mikaratusi kutoka juu. Alasiri ile upepo ulivuma kama kawaida, na gemu haikutikisika. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Mjomba alipokuwa akikusanya vyombo vyake alisema kazi haijaisha. Bomba kama lile linahitaji waya mnene wa shaba unaoshuka hadi ardhini, ule mafundi wanaouita ethi, ili radi ikija ipite nje. Hakuwa nao siku ile. “Nitauleta wiki hii,” akasema. “Mpaka hapo, ukisikia ngurumo, chomoa kila kitu. Unasikia? Kisii hii si mahali pa kuchezea radi.”

Hilo halikuhitaji kusemwa. Kwetu kila mtoto anajua mtu au ng'ombe aliyepigwa na radi. Shuleni tulifunzwa kutokimbilia chini ya miti. Nyumbani, ngurumo ikisikika, mama huzima redio na kuondoka dirishani, hata kama yuko katikati ya sentensi.

Mchujo ulikuwa Jumapili, saa tisa alasiri. Alhamisi niliwaambia wenzangu kwamba bomba limesimama na tatizo limekwisha. Wa Nakuru na wa Tanga walishangilia. Wa Marani aliandika: “Na ethi?”

Niliandika kwamba mjomba angeileta.

“Basi Jumapili hatuchezi mpaka ifungwe. Au mimi sichezi.”

Nilihesabu siku. Jumamosi kwetu ni Sabato, nayo huanza Ijumaa jua likizama. Hakuna fundi wa kanisa letu, mjomba akiwamo, ambaye angepanda paa siku hiyo, na Jumapili asubuhi sikuwa na hakika nayo. Ijumaa jioni wa Marani aliuliza tena. Niliandika neno moja.

“Tayari.”

Akajibu, “Safi sana.”

Nimeshawahi kudanganya mara nyingi maishani, uongo mdogo mdogo wa kuwaridhisha watu. Huo ulikuwa mwepesi kuliko wote. Baada ya kuutuma nilikwenda kuoga kabla jua halijatua.

Jumapili hiyo mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na kabati lenye ruta, anapukuchua maharagwe ndani ya ungo. Mimi nilikuwa kwenye kochi, upande wa pili wa chumba. Tulianza vizuri. Hatukuwahi kucheza vile. Timu ziliondoka moja baada ya nyingine, na hakuna aliyetugusa. Nje kulikuwa na jua bado, lile jua kali la kabla ya mvua.

Nilisikia ngurumo. Sitasema sikuisikia. Ilikuwa mbali, kama lori linaloshusha mawe.

“Radi hiyo,” mama akasema. “Chomoa hicho kitu chako.”

“Ngoja kidogo, Mama. Zimebaki timu mbili.”

Niliendelea. Wa Marani alikuwa ameandika kwamba wapinzani wako nyuma ya ghala, na mimi nilikuwa nazunguka upande wa kushoto. Nilisikia ungo ukiwekwa sakafuni. Niliona miguu yake, kwa pembe ya jicho, ikielekea kabatini, ambako ruta ilikuwa imechomekwa.

Sikumbuki kelele kama ngurumo. Nakumbuka mlio mkavu, kama mtu amelipiga bati zima kwa nyundo ndani ya kichwa changu, na weupe. Weupe ulikuwa kila mahali, hata nyuma ya macho niliyoyafumba. Kisha giza la kawaida la chumba kilichozimikiwa taa, na harufu ya plastiki iliyoungua.

Nilipoweza kuona, soketi ilikuwa imetoka ukutani na kuzungukwa na weusi. Ruta ilikuwa imepasuka vipande. Maharagwe yalikuwa yametapakaa hadi mlangoni. Mama alikuwa amelala chali kando ya kabati, kiatu kimoja hakipo, macho yake nusu wazi na hayaniangalii. Nilikitazama kifua chake. Hakikuwa kinainuka.

Nilisimama tu. Hilo ndilo linalonitia hofu hadi leo nikilikumbuka, kwamba nilisimama. Nilijua ninapaswa kufanya kitu na mwili haukunitii. Nikaanza kupiga kelele. “Baba! Baba!” Jirani yetu, mama wa makamo ambaye ana ile mikaratusi, alitokea mlangoni mikono kichwani. Nilipoinama ili nimshike mama, akapaza sauti.

“Usimguse! Umeme bado umo ndani yake. Utakufa na wewe.”

Nikaurudisha mkono.

Simu ilikuwa imeanguka sakafuni, waya za masikioni zimechomoka. Kwenye skrini kulikuwa na maandishi yale niliyoyajua kwa moyo, muunganisho na seva umepotea, na chini yake kiduara kinazunguka. Kisha kiduara kikapotea. Simu ilikuwa imehamia kwenye data, nami nilikuwa bado nikiita, “Baba!” Na kwa kuwa waya zilikuwa zimechomoka, sauti ikatoka kwa nguvu chumba kizima.

“Dada, umepatwa na nini?” Ilikuwa sauti ya yule wa Tanga. “Baba amefanyaje?”

Na papo hapo sauti nyingine ikamkatiza, sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mwanamke. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, ya mwanamke mzee.

“Wewe wa Tanga, nyamaza. Kwao baba ni mama.” Kisha kwa Ekegusii, taratibu, kana kwamba amesimama kando yangu: “Mwanangu. Ni radi?”

“Ndiyo.”

“Mama anapumua?”

“Hapana.”

“Piga magoti kando yake.”

“Wanasema nisimguse. Wanasema ana umeme.”

“Hana umeme wowote. Radi ikishapita imepita. Mguse. Mguse sasa hivi.”

Nilimgusa. Alikuwa na joto, joto la kawaida tu la mama. Kitu fulani ndani yangu kikafunguka.

“Weka kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa. Kingine juu yake. Nyoosha mikono. Bonyeza kwa nguvu, upesi, hesabu kwa sauti nikusikie. Usiogope kumwumiza.”

Nikabonyeza. Nikahesabu kwa Kiswahili, sijui kwa nini si kwa lugha yetu. Kifua cha mama kilikuwa kigumu kuliko nilivyotarajia, halafu kitu kikalia chini ya viganja vyangu, nami nikaacha.

“Kimevunjika kitu,” nikasema.

“Mbavu hupona. Endelea. Na huyo anayepiga kelele mlangoni, mwambie atafute gari.”

Jirani akasikia mwenyewe, akakimbia. Nilipofika thelathini, sauti ikaniambia nimwinue kidevu, nizibe pua, nimpulizie pumzi mbili mdomoni, kisha nianze tena. Nikafanya. Midomo yake ilikuwa na ladha ya chai. Thelathini nyingine. Pumzi mbili. Kila nilipochelewa kuhesabu, sauti ilinihesabia. Watu walikuwa wamejaa mlangoni na hakuna aliyeingia. Mvua ikaanza, ikapiga mabati kwa kishindo, nikaogopa sitamsikia tena yule wa kwenye simu, lakini alikuwa akipaza sauti sasa, ishirini na saba, ishirini na nane.

Sijui muda gani ulipita. Baadaye yule wa Nakuru aliniambia kwamba askari wetu wanne walisimama palepale uwanjani bila kusogea, wapinzani wakaja wakatumaliza mmoja mmoja, na wao wawili wakakaa kimya wakisikiliza namba.

Kisha mama akakohoa. Ilikuwa sauti ndogo na mbaya, kama mtu aliyepaliwa. Akavuta hewa, akatulia kidogo, akavuta tena.

“Amepumua,” nikasema.

Upande wa pili nilisikia mtu akishusha pumzi. “Asante Nyasae,” ile sauti ikamshukuru Mungu, chini chini. Kisha ikarudi kuwa ile ya kwanza. “Usimwinue. Mlaze kwa ubavu. Angalia kifua chake wala usiangalie kitu kingine mpaka gari lifike. Mnampeleka hospitali gani?”

Nikamwambia.

Tulimbeba kwa pikapu ya jirani, juu ya magunia yaliyokuwa yamebebewa ndizi. Njia nzima nilikitazama kifua chake. Mvua ilitupiga wote, na sikukumbuka kumfunika mpaka mtu mwingine alipovua koti lake.

Daktari alisema moyo ulikuwa umesimama na sasa unakwenda. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na hilo alilisema kama sifa. Ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa imepasuka, na sikio hilo huenda lisisikie tena. Aliniuliza nani alinifundisha kumsukuma kifua. Nilisema ni mtu wa kwenye simu. Aliponiuliza mtu gani, nikagundua sijui hata jina lake.

Siku iliyofuata, saa za kuona wagonjwa, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Mama alikuwa amelala. Mwanamke mmoja akaja polepole kati ya vitanda, akiegemea mguu mmoja zaidi ya mwingine. Alikuwa na sweta ya kijivu, nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi, na chupa ya uji mkononi. Nikadhani ni wa kanisani kwetu, mmoja wa wale wazee wasiojulikana vizuri. Nikasimama kumwamkia.

“Niaje,” akasema.

Niliangalia nyuma yake. Nasema kweli, niliangalia nyuma yake kumtafuta kijana mwenye kofia.

“Ni mimi,” akasema. “Kaa chini, usianguke na wewe.”

Nilikaa. Alikuwa mwuguzi mstaafu. Alikuwa amefanya kazi katika vituo vya afya vya vijijini maisha yake yote, na alipostaafu, na mumewe akafariki, nyumba ikawa na ukimya asiouweza. Maneno yake ya mjini aliyapata kwa vijana waliokuwa wakija kituoni kutibiwa majeraha ya pikipiki. Maikrofoni yake haikuwahi kufa.

“Mngenisikia sauti mngeanza kuniamkia shikamoo,” akasema. “Na mkishaniamkia, nani atakubali nimtangulie vitani?”

Nilicheka, kisha nikagundua nalia. Akaniacha nilie. Akamkagua mama macho, akamshika mkono mzima akahesabu mapigo, akasoma karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Ndipo akageuka.

“Ile ethi,” akasema. “Fundi aliifunga vibaya?”

Angeniuliza kwa ukali ningepata pa kujitetea. Lakini aliuliza kama alivyouliza kila kitu, ili ajue.

“Haikufungwa,” nikasema. “Haikuwapo.”

“Nilikuuliza.”

“Ndiyo.”

“Mara mbili.”

“Ndiyo. Ulisema hutacheza.”

Alinitazama. Uso wake ulibadilika, nikaona kitu ambacho sikukitegemea: alikuwa ameshtuka kuliko mimi. Mwanamke aliyesikia moyo umesimama na sauti yake isitetemeke, sasa alikuwa ametafuta kiti na kukaa, chupa ya uji mapajani. Sidhani alikuwa akinifikiria mimi. Nafikiri alikuwa akijiuliza kwa nini aliniamini kwa neno moja.

“Mwambie mama yako,” akasema mwishowe. “Mimi sitamwambia.” Kisha akafungua chupa akanimiminia uji, akanisimamia mpaka nikamaliza.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Mjomba alikuwa ameshaliangusha lile bomba. Alilikata vipande na msumeno, bila kusema na mtu, akaenda nalo.

Watu wa kanisa walikuja. Walileta ndizi, maziwa, sukari, wakaimba, wakaomba. Na kila aliyekuja alinishika mikono akaitazama. Mikono hii, wakasema, ndiyo Mungu aliyoitumia. Sabato ya kwanza mama aliyoweza kwenda kanisani, mzee wa kanisa aliniita mbele nitoe ushuhuda. Nilisimama pale, watu wamenielekea, wanatabasamu, na sikuweza kutamka neno. Walidhani ni uchungu. Wakaniimbia. Sijawahi kujiona mchafu kama nilivyojiona nikiimbiwa.

Nilimwambia mama siku iliyofuata, jikoni. Alikuwa anamenya ndizi kwa mkono wa kushoto, polepole, maana wa kulia ulikuwa bado umefungwa. Nilihamia upande wake wa kulia ili anisikie.

“Mama, siku ile ulisema nichomoe.”

“Nilisema.”

“Nikakuambia ngoja.”

“Nilikusikia,” akasema. “Wakati ule nilikuwa na masikio yote mawili.”

Aliendelea kumenya. Nikamweleza mengine: waya ambao haukuwapo, swali la yule mwuguzi, uongo wangu wa neno moja. Nilieleza yote bila kumtazama. Nilipomaliza nilingoja anipige, au alie, au aniambie niondoke. Kisu kilikuwa kimesimama.

Akakiweka chini, akaingia ndani ya nyumba. Nilisikia kitanda chake kikiburutwa. Aliporudi alikuwa na furushi la karatasi za gazeti lililofungwa kwa kamba ya katani. Aliliweka juu ya kigoda kati yetu. Kwenye pembe karatasi ilikuwa imechanika, na ndani yake kukawa na kitu kinachong'aa, chekundu kama sarafu mpya.

“Mjomba wako aliuleta Ijumaa,” akasema. “Ulikuwa unaoga. Jua lilikuwa linazama, akasema atakuja Jumapili asubuhi kuufunga, nimkumbushe kwa simu. Sikumkumbusha.”

Sikuelewa. “Ulisahau?”

“Sikusahau.” Alikuwa akiutazama ule waya. “Nilisema moyoni, akimaliza kufunga hiki kitu, mtoto huyu hatainuka tena kwenye lile kochi. Bila huo waya ungelazimika kuchomoa kila ngurumo, nikasema nikae nao wiki moja. Wiki moja tu, upalilie ile sehemu ya chini ya shamba, halafu nitautoa.”

Nilimtazama mama yangu. Mkono wake uliofungwa ulikuwa mapajani, na ule mwingine ulikuwa umeshikilia ukingo wa kigoda. Kwa wiki zile zote alikuwa ameketi katikati ya nyimbo na maombi, akipokea pole za watu, na furushi hilo liko chini ya kitanda alichokuwa anaugulia.

“Hukumwambia mjomba?”

“Ningemwambia nini?”

Lilikuwa swali nililokuwa nimejiuliza mwenyewe. Nilitaka kumgusa, nikaogopa, kisha nikamgusa begani. Hakuuondoa mkono wangu wala hakuushika. Ndizi zilizomenywa zilianza kuwa nyeusi kwenye beseni. Sufuria ya maji ikachemka, ikamwagika motoni, jikoni kukajaa moshi na majivu, na ilichukua muda kabla mmoja wetu hajainuka.